Shajara ya mradi: kunazi ya Gola juu ya shina la mkunazi wa porini, Hombolo

Shamba ni nusu ekari ya kichanga chekundu upande wa Hombolo, Dodoma, lenye mteremko mdogo kuelekea korongoni. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi mwanzoni mwa Aprili, halafu kiangazi kinashika mpaka Novemba. Tunatengeneza bustani ya kunazi kubwa tamu. Gola ndiyo aina kuu, Umran ni ya kuichavusha, na zote zinabebeshwa, yaani zinaunganishwa, juu ya shina la mkunazi wetu wa porini. Nafasi ni mita 6 kwa 6, yaani mashimo 56.

Suala la cheri tulimalize mapema, maana huulizwa kila mara kwa nini tusipande cheri, na miche inayoitwa ya cheri inauzwa mitandaoni kwa bei za kutisha. Cheri tamu, iwe Bing ya Marekani au Stella ya Kanada, haiamki vizuri bila baridi ndefu. Aina nyingi hutaka saa 700 hadi zaidi ya 1,000 za joto lililo chini ya nyuzi 7. Dodoma, hata usiku wa Julai ule wa blanketi mbili, kipimajoto husoma 13 au 14. Mti utatoa majani, utadumaa, na maua hutayaona. Anayetaka tunda dogo tamu lenye kokwa katika nyika hii mti wake anao tayari porini. Mizizi ni mizuri, kasoro iko kwenye tunda.

Gola na Umran zote ni aina za India. Gola ni duara, njano ya dhahabu, ina maji mengi na huwahi kuiva. Umran ina umbo la yai, huchelewa, ikiiva sana hugeuka rangi ya chokoleti, na huvumilia safari kuliko Gola. Gola ni mojawapo ya aina ambazo ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame, ilizieneza kule Niger kwa jina la Pomme du Sahel, kwenye ukame unaofanana na wetu au kuuzidi.

22 Julai 2023: Kokwa

Kunazi zilizoiva zimeokotwa chini ya miti ya porini yenye afya, siyo ile iliyodumaa kando ya barabara. Nyama imeondolewa kwa kuloweka usiku mmoja na kusugua kwenye mchanga, kokwa zikaanikwa kivulini. Kibarua cha kuokota na kusafisha: shilingi 10,000.

Kabla ya kupanda, kokwa hupimwa kwa maji ya chumvi: gramu 170 za chumvi ya kawaida kwa kila lita ya maji, kokwa zikae humo siku nzima. Zinazoelea hutupwa, zinazozama huoshwa vizuri kwa maji safi. Ukizipima kwa maji matupu karibu zote zitazama, hata zenye mbegu iliyokauka, na kiriba (mfuko wa mche) kitakaa wazi mwezi mzima ukikisubiri.

Nusu ya kokwa zilipandwa nzima na nusu zilipasuliwa kwa nyundo ndogo juu ya jiwe, mbegu ikatolewa. Mbegu zilizotolewa zilianza kuota baada ya wiki moja hivi, ilhali kokwa nzima zilichukua mwezi na zaidi, tena kwa kupokezana, jambo linaloharibu mpango wa kubebesha kwa sababu miche hailingani unene. Ndani ya kokwa moja mna vyumba viwili, kwa hiyo ukipasua vibaya unaponda mbegu mbili kwa mpigo. Pigo liwe la ubavuni, dogo, na kokwa iwe imekauka kabisa, maana yenye unyevu hubonyea bila kupasuka.

16 Septemba 2023: Viriba vifupi havifai

Viriba vya kwanza vilikuwa vile vya kawaida vya miche ya mbao, urefu wa sentimita 15. Mkunazi huanza na mzizi mkuu. Shina likiwa na urefu wa kiganja, mzizi umeshafika chini ya kiriba. Ulipofika ulifanya moja kati ya mawili: ama ulijikunja kama chemchemi ya kalamu, ama ulitoboa kiriba na kuingia ardhini, ukakatika siku ya kunyanyua. Miche yote ya viriba hivyo imetupwa. Mzizi uliojikunja haunyooki tena shambani. Mti huishi mwaka wa kwanza kwa maji ya ndoo, kisha unakufa kiangazi cha pili na lawama zinakwenda kwa mchwa.

Tumehamia viriba virefu vya sentimita 30, upana 10, vilivyo wazi chini. Kilo 3 zimegharimu 21,000. Udongo ni debe tatu za kichanga, debe moja ya samadi iliyooza na debe moja ya udongo wa juu kutoka chini ya miti. Samadi na usafiri: 15,000. Kila baada ya wiki mbili viriba vinanyanyuliwa na kuhamishwa hatua moja ili mzizi usizame ardhini.

21 Oktoba 2023: Miti ya porini kando ya korongo

Mikunazi tisa ya porini iliyokuwa mpakani mwa shamba imekatwa usawa wa kiuno. Hii ndiyo njia ya mkato, kwani mizizi ya miaka mingi ipo tayari, inasubiri kupewa kichwa kipya. Mkato uwe wa mshazari ili maji yateleze, na ufanyike kabla mti haujaanza kuchipua kwa ajili ya mvua. Msumeno ulikuwepo. Mkasi wa kupogolea ni 25,000 na kisu cha kubebeshea 15,000.

Machipukizi yakitoka, yaache yote hadi yafike urefu wa mkono, kisha chagua matatu au manne yaliyokaa pande tofauti na ung'oe mengine. Ukiyapunguza mapema mno, machache yaliyobaki hukimbia kwenda juu yakiwa membamba na laini, na ganda lake halishikilii jicho, yaani kichipukizi kinachobebeshwa.

7 Januari 2024: Kubebesha, mara mbili

Mzigo wa kwanza wa vikonyo, yaani vijiti vyenye macho ya kubebeshea, ulikuja katikati ya Desemba kutoka kwenye miti mama Morogoro, ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, chini ya mabegi kwenye buti la basi. Gharama ni 38,000. Vilipofika vilikuwa na joto na jasho ndani ya mfuko. Macho yalionekana mazima, yakabebeshwa. Baada ya siku kumi hivi vikonyo vya majani vilikuwa vimekauka na kung'ang'ania, na ganda chini ya jicho limekuwa jeusi. Hakuna lililoshika.

Mzigo wa pili, 45,000, ulifungwa hivi. Majani yalikatwa palepale kwenye mti mama, kikabaki kikonyo cha jani cha sentimita moja. Vijiti vikafungwa kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, kisha magazeti, kisha gunia, vikawekwa ndani ya kasha la kubebea samaki lenye barafu kidogo isiyogusa vijiti. Vimetumika vyote ndani ya siku mbili. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba hatuoni sababu ya kujaribu tena nailoni.

Utaratibu wa kubebesha kwa jicho, kwa anayefuata kazi hii:

Shina la chini liwe na unene wa penseli. Limwagilie vizuri jana yake, maana ganda lisipoachana na mti kirahisi, hakuna ufundi utakaokusaidia. Ondoa miiba kwanza. Kila pingili ina miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda kama ndoana, na huo wa pili ndio unaochana utepe baadaye. Kata alama ya T sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini. Chagua jicho lililo katikati ya kijiti cha msimu huu, lililonona lakini halijachipua. Macho ya nchani ni machanga, ya chini mara nyingi yamelala. Lichukue na ganda la sentimita 2 hadi 3, lisukume ndani ya T, funga kwa utepe laini wa plastiki kuanzia chini kwenda juu ukiacha jicho nje. Utepe wote: 4,000.

Siku ya kumi gusa kikonyo cha jani kwa kidole. Kikidondoka chenyewe kikiwa cha njano, jicho limeshika. Kikiwa kimekauka na hakibanduki, rudia upande wa pili wa shina, sentimita chache chini.

Usikate kichwa cha shina la chini siku hiyohiyo. Kikunje au kikate nusu juu ya jicho, na umalizie chipukizi likifika sentimita 15. Miche iliyokatwa kichwa mapema ilikaa bila jani hata moja wakati mvua inanyesha kila siku, na baadhi ikaoza kuanzia kwenye mkato. Msimu wa 2023/24 ulikuwa wa El Niño, na mvua iliyoingia kwenye T kabla utepe haujakazwa iliua macho mengi kuliko jua. Siku za mvua fanya kazi asubuhi ganda likiwa kavu, na uzungushe utepe nusu juu ya nusu bila kuacha mwanya.

24 Februari 2024: Shambani

Mashimo 56 ya sentimita 60 kila upande, 1,500 kwa shimo: 84,000. Samadi guta nne kwa 25,000: 100,000. Kila shimo limepewa debe mbili za samadi. Sehemu ya samadi ilikuja mbichi, na mchwa waliifuata ndani ya wiki moja. Imetolewa na kurundikwa upya. Iliyooza haina harufu na haipati moto ukiingiza mkono.

Upande wa chini wa kila shimo kuna tuta la nusu mwezi, kimo cha sentimita 25, mikono ikielekea juu ya mteremko. Tuta lililofungwa duara kamili lilituamisha maji baada ya mvua kubwa moja, na miche iliyokuwa humo ikawa ya njano. Nusu mwezi hupunguza maji ya ziada yenyewe.

Mashimo 28 yamepandwa miche iliyobebeshwa kitaluni. Mengine 28 yalipandwa kokwa zilizopasuliwa, tatu kila shimo, tangu Desemba, zikaachwa ziote palepale bila kuhamishwa. Ndiyo jaribio lenyewe. Huko Jodhpur, ambako mvua ya mwaka haifiki milimita 400, watafiti wa CAZRI, taasisi ya India ya utafiti wa maeneo kame, wamekuwa wakihimiza kubebesha papo hapo shambani, na hoja yao ni mzizi mkuu usioguswa. Hasara inajulikana pia: unachelewa mwaka mzima.

15 Juni 2024: Upepo na machipukizi ya chini

Machipukizi ya Gola juu ya ile miti tisa ya korongoni yalikwenda mbio. Aprili baadhi yalizidi mita moja, kisha upepo wa mashariki ukaanza kuyang'oa pale pale yaliposhikana na shina. Kiungo cha miezi mitatu hakijawa na mbao ya kutosha kubeba tawi refu lenye majani. Kila chipukizi sasa limefungwa kwenye mti wa kushikilia kwa namba nane, kamba ya katani, vifundo viwili, cha kwanza sentimita 20 juu ya kiungo. Yaliyozidi sentimita 60 yamekatwa ncha ili yanenepe na kutoa matawi ya pembeni.

Machipukizi ya porini chini ya kiungo yanaondolewa kila wiki mvua zikiwepo. Tofauti ni rahisi: jani la porini ni dogo na miiba yake mikali, jani la Gola ni pana, linang'aa. Usiyakate kwa mkasi, yatarudi mawili mahali pa moja. Yang'oe kwa mkono wenye glavu yakiwa bado laini.

9 Novemba 2024: Kiangazi cha kwanza

Maji: lita 10 kwa mche kila wiki, kutoka Juni, kwa boza. Jumla 135,000, gharama kubwa kuliko zote, na inauma zaidi ukiona jinsi yalivyotumika. Kati ya miche 28 ya kitaluni imekufa 9, pamoja na maji hayo yote. Kati ya mashimo 28 ya kokwa za papo hapo yako hai 26, na Septemba tulikuwa tumeyapunguzia maji hadi mara moja kwa wiki tatu.

Miche mitatu iliyokufa ilichimbuliwa. Miwili ilikuwa na mzizi mkuu uliokatika na kutoa mizizi mingi mifupi ya juu, mmoja ulikuwa na mzizi uliopinda ndani ya kiriba ingawa kilikuwa kirefu. Kupanda mwishoni mwa Februari kulichangia pia, kwani ilibaki mvua ya wiki chache tu. Mche wa kitaluni ukipandwa baada ya katikati ya Januari, hesabu gharama ya maji tangu siku hiyo.

Mbuzi ni habari nyingine. Baada ya mavuno ya uwele na mtama mifugo huachiwa mashambani, ndivyo ilivyo, na mkunazi ndio jani la kijani lililobaki. Kamba ya nailoni haikuwazuia. Uzio wa matawi ya miiba yaliyopangwa safu mbili, mashina yakielekea ndani, umewazuia: 90,000 kukata, kusomba na kupanga. Kati ya mashimo mawili ya kokwa yaliyopotea, moja ni lao.

Matandazo ya nyasi yamesogezwa sentimita 20 kutoka kwenye shina. Yakigusa shina, mchwa hupanda chini ya kivuli chake na kutafuna ganda kuzunguka kiungo.

28 Desemba 2024: Kubebesha papo hapo

Katika kila shimo la kokwa umebaki mche mmoja wenye nguvu. Mashina 26 yamebebeshwa, Gola 20 na Umran 6. Vikonyo vilikatwa kwenye miti yetu ya korongoni, isipokuwa Umran, ambayo jirani aliyeanza kabla yetu ameitoa bure. Kwa wanaotegemea Morogoro, treni ya SGR inafika Dodoma tangu Julai mwaka huu, na kasha la vikonyo linasafiri vizuri kuliko kwenye buti la basi.

Yameshika 21 kwa mara ya kwanza, na matano yanarudiwa. Ganda liliachana kirahisi kuliko kitaluni. Mapengo 11 yamefukiwa kokwa zilizopasuliwa, hakuna mche wa kiriba tena.

22 Machi 2025: Maua mengi, matunda hakuna

Miti saba kati ya tisa ya korongoni ilijaa maua madogo ya kijani-njano, yakadondoka. Miwili ya mwisho imeshika vizuri. Mbolea ni ileile, maji ni yaleyale. Tofauti ni kwamba miwili hiyo imepakana na mkunazi wa porini ambao haukukatwa.

Miti ya korongoni yote ni Gola, na Umran zetu ni changa, hazijachanua. Aina nyingi za kunazi hazijichavushi, sawa na cheri ya Bing ambayo haizai bila aina nyingine karibu. Kunazi ina mtego wa ziada: ua hutoa chavua kwanza, sehemu ya kike huwa tayari baadaye, na ziko aina zinazofungua maua asubuhi na nyingine baada ya adhuhuri. Ukipanda aina moja tupu, chavua na ua vinapishana.

Kwa hiyo ile bidii ya kung'oa kila chipukizi la porini ilikuwa na bei yake. Sasa kila mti wa tatu umeachiwa tawi moja la porini, lililofungwa kitambaa chekundu ili asije mtu akalikata. Tawi hilo litabebeshwa Umran mvua zijazo. Wachavushaji ni nyuki, nyigu na nzi wa kawaida. Maua yakiwa wazi hakuna dawa inayopulizwa.

19 Julai 2025: Tunda la kwanza, ukungu na funza

Mwishoni mwa Mei unga mweupe ulianza kwenye matunda yaliyolingana na punje ya dengu. Huo ni ubwiri unga. Ukiachwa, ngozi huwa kahawia, hupasuka, tunda hudondoka. Salfa ya unga unaochanganyika na maji, gramu 2 kwa lita, mara mbili kwa kuachanisha wiki mbili, imeuzuia: 12,000. Ipulizwe asubuhi mapema. Tawi lililopulizwa saa saba mchana liliungua majani pembezoni.

Funza ni kazi ngumu zaidi. Mitego ya kuvutia nzi wa embe ilitundikwa, 30,000. Ilijaa nzi wa embe kutoka miti ya jirani, na funza wakaendelea ndani ya kunazi bila wasiwasi. Nzi wa kunazi ni jamii nyingine, kivutio kile hakimhusu. Kinachosaidia ni kazi ya mikono: kuokota matunda yaliyoanguka kila siku ya pili, kuyafunga kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani wiki moja, na kupalilia chini ya mti ili mabuu yaliyojificha udongoni yapigwe jua na kudonolewa na kuku. Kuchuma pia kusicheleweshwe. Kijani ikianza kugeuka njano, chuma. Mti haukomazi matunda yote pamoja, utapita mara nyingi.

Mti uliozaa vizuri zaidi, mmojawapo wa ile miwili, umetoa zaidi ya ndoo ya lita 20. Ile saba imetoa sado moja moja au pungufu. Soko la Majengo sado ya Gola ilichukuliwa kwa 6,000 bila ubishi, wakati kunazi za porini bado zinapimwa kwa kikombe. Bei hiyo ni ya ugeni na haitakaa hivyo wengine wakianza kuzaa.

Fedha zilizotoka tangu 2023 ni 624,000. Ukiondoa mzigo wa vikonyo uliooza, mitego, na sehemu kubwa ya maji, kazi hiihii inafanyika kwa chini ya 500,000.

4 Oktoba 2025: Kupogoa

Kunazi huzaa kwenye matawi mapya ya msimu, kwa hiyo mti usiopogolewa huzaa matunda madogo kwenye ncha za mbali, ndani kukiwa na kichaka cha miiba. Miti imeshapukutisha majani, ndio wakati wake. Matawi ya msimu uliopita yamefupishwa nusu, yaliyopishana katikati yametolewa kabisa, na yale yanayolala chini yamekatwa hadi kwenye tawi linaloelekea juu. Jaribio la kukata robo tatu lilifanyika kwenye mti mmoja ili tuone ukubwa wa tunda mwakani.

Matawi yenye miiba yamekwenda kuziba uzio ulipolegea. Majani yaliyopukutika ameyachukua mwenye mbuzi, akaleta samadi badala yake.

Miche 11 ya kokwa zilizofukiwa mwaka jana iko hai yote, unene umeshapita penseli. Itabebeshwa Umran mvua zikishika, ili kusiwe na Gola iliyo mbali zaidi ya miti miwili kutoka kwa Umran iliyo karibu nayo.